Eda ya Bibi Wietske

Saa moja ya asubuhi mjini St. Catharines
bado ni usiku. Navua viatu vya theluji mlangoni,
navaa malapa yangu ya kazi, na Bibi Wietske
keshaamka, ananingoja na swali lake lile:
Ben je getrouwd?
Una ndoa?

Kiingereza kilimtoka mwaka jana, kidogo kidogo,
kama maji kwenye ndoo yenye ufa.
Miaka sitini alikitumia Ontario hii hii,
kuuza pilipili hoho, kulea wanne, kugombana na benki,
kisha kikaondoka bila kuaga.
Kilichobaki ni Kiholanzi cha usichana.
Bintiye Annelies akaniandikia maneno, akayabandika kwenye friji:
maji, choo, inauma wapi.
Chini kabisa, kwa kalamu nyingine, maneno ya ndoa.
"Atakuuliza," alisema, na hakunitazama.

Wenzangu wa zamu inawashinda ile G.
Mimi hainishindi. Ni kha tu,
kha ya chuoni Pangani, kwa Maalim Zubeiri
aliyetugonga vidole mpaka itoke kooni.
Gehuwd. Getrouwd. Gescheiden,
hiyo ina kha mbili,
kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema zito.

Ndani ya basi la jioni niliyapima.
Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa.
Mwanamume huacha, mwanamke huachwa.
Ile W ndogo imejikalia ndani ya kitenzi
na hakuna anayeiuliza ilikaribishwa na nani.
Lakini Wietske husema getrouwd,
na Sjoerd wake naye alisema getrouwd,
neno moja, wamelishika huku na huku
kama watu wawili wanaokunja shuka.

Na gescheiden? Nani kamwacha nani?
Kiholanzi hakisemi. Kimefunga mlango.
Talaka yangu ilikuja kwa simu,
sauti ya sekunde kumi na tisa,
nikiwa kwenye foleni ya duka, kitunguu mkononi.
Kitunguu nilikilipia.
Nimeachwa, nilimwambia mama.
Najua, ipo "tumeachana".
Hiyo ni ya watu waliokaa mezani.

Siku ya kwanza aliponiuliza Sjoerd yuko wapi
nilisema kweli, kama ilivyo kwenye friji:
weduwe. Wewe ni weduwe, mjane.
Sikio langu lilikuwa limelisikia "wetu, wewe",
nikalitamka kwa upole huo, kama namkaribisha ndani.
Akajishika kifua. Alilia mpaka uji ukaganda.
Kesho yake akauliza tena.

Kizuka wa kwetu hukaa miezi minne na siku kumi,
kisha huoga, hutoka, jirani humwona.
Eda yake huyu haihesabiki.
Kila alfajiri ni siku ya kwanza.

Sasa sisemi. Namwelekeza dirishani,
kule kwenye vitalu vya vioo
ambako taa za miche huwaka usiku kucha.
Yuko kazini, nasema.
Naye hutikisa kichwa, amekereka, ametulia:
huyu mtu na kazi!
Mungu anisamehe uongo wa saa moja asubuhi.

Leo kaniuliza nikimvisha soksi ya kushoto.
Jumatatu nilijibu ndiyo. Jana nilijibu hapana.
Leo nimetoa ile yenye kha mbili,
na imetoka safi, Maalim asingenigonga.

Ameniangalia muda.
Kisha kanisogezea mguu wa pili, ulio wazi,
akanipigapiga kichwani kama mtoto aliyeanguka,
akasema: Heb je al gegeten?

Umeshakula?
Nimehesabu. Nayo ina kha mbili.